Magauni Yaliyokuwa Tayari Kabatini

Maneno yale aliyasikia akisukwa nywele, upande mmoja bado timtim: kwamba katika ule mji mkubwa wa zamani, mtaa wa ndani ya ukuta wa kale unabaki na wageni. Hawauawi, hawaibiwi. Wanapazoea tu, na siku ya kurudi kwao haifiki. Mama fundi, mshonaji wa nguo za kike, alicheka pamoja na wenzake, lakini maneno yalimganda.

Binti yake wa pekee, waliyembandika jina la Sindano kwa wembamba wake, alikuwa ameitwa mji huohuo kwa wiki mbili za mafunzo ya kazi ya maktaba. Mama akafunga naye safari ili amtafutie mwenyewe pa kulala.

Mtaa wa kituo cha mabasi ulikuwa na honi za kupasua kichwa. Wa mlimani ulikuwa mbali mno. Wa ndani ya ukuta ulikuwa hatua chache tu kutoka maktaba, umefagiliwa, kimya, una ubaridi hata saa saba mchana. Miguu ilikuwa inawaka moto.

"Mama, tutalala barabarani kwa sababu ya umbea wa saluni?" Sindano alimtania, na mama akaona haya.

Mwenye nyumba, bibi mmoja mkunjufu, hakuuliza majina yao wala siku watakazokaa. Aliwapeleka chumba cha juu, akaomba nguo zipangwe kabatini, maana hapendi mgeni anayeishi ndani ya begi. Mama naye ndivyo alivyolelewa: ukipokelewa vizuri, unapanga vitu vyako. Sindano akashuka kuoga. Mama akatundika gauni moja la bintiye, kisha akaona kabatini mna mengine manne.

Alidhani mpangaji ameyasahau. Akayasogeza, na vidole vikasimama vyenyewe.

Sindano alivunjika bega la kushoto akiwa na miaka sita, likaunga likiwa limeshuka kidogo. Kwa macho huoni. Ni mama peke yake anayejua kwamba kila nguo ya mwanawe lazima ipunguzwe nusu kidole upande huo. Magauni yote manne yalikuwa yamepunguzwa nusu kidole, bega la kushoto. Akayageuza ndani nje. Mshono wa mkono, uzi umefifia kwa miaka. La kwanza lilikuwa la msichana. La pili la mjamzito. La tatu la mtu mzima aliyenenepa. La nne lilikatwa refu mgongoni, kama anavyokatiwa kikongwe mwenye kibiongo.

Chini, bibi aliuliza sufuria ndogo iko wapi.

"Nyuma ya mlango wa stoo, bibi, palepale," alijibu Sindano, ambaye jikoni humo hakuwa ametia mguu.

Mama alishuka na begi, akasema wanaondoka. Bibi hakubisha. Aliendelea kufuta sahani.

"Mtembeze tu, mwanangu. Saa ya kula atarudi."

"Unanitoa nyumbani unanipeleka wapi?" Sindano aliuliza, na hasira yake ilikuwa ya kweli.

Mama alimshika mkono kama anavyoshikwa mtoto wa chekechea. Kila njia panda Sindano alimwelekeza pa kupita bila kuinua macho, na kila mara mama alishika njia nyingine, akifuata honi. Walipanga chumba karibu na kituo cha mabasi. Binti alilia mpaka saa kumi alfajiri, kisha akanyamaza, akauliza mbona wako hapa, si walikuwa wanatafuta chumba karibu na maktaba?

Lile gauni la bintiye alilolitundika kabatini mama hakulifuata. Alikaa naye wiki zote mbili, akimpeleka na kumrudisha, wakarudi kwao wote wawili.

Sasa kila mzazi anayekuja kupimwa nguo huku mwanawe akijiandaa kwenda mji ule, mama fundi humwandikia haya kwenye karatasi ya kukatia nguo:

Asilale ndani ya ukuta, hata kama ni karibu.
Asikubali chumba kwa mtu asiyemuuliza jina wala siku.
Asitoe nguo kwenye begi.
Asivae nguo aliyoikuta chumbani, hata ikimkaa vizuri. Hasa ikimkaa vizuri.
Asiende peke yake.
Asikae mahali ambapo hakuna kelele.