Jina la Mukuba

Papa Nday alikuwa ameshaachana na mpira wa wakubwa. Wachezaji wakubwa, alisema, wameshanunuliwa, wameshasifiwa, na sifa zimeshawaharibu. Anayetaka kuona mpira wa kweli aangalie vijana wa kikosi cha pili, tena mwanzoni mwa msimu, kabla hawajajua wenyewe kama ni wazuri. Hayo aliyasema kwenye foleni ya soko la Jumapili pale Jette, Brussels, aliyasema kwa daktari wa moyo, na binti yake Anaïs alikuwa ameyasikia mara nyingi hata aliweza kuyamalizia.

Miaka ishirini na miwili Papa Nday alisukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini. Sasa amestaafu, na kazi yake ni moja: kuwafuatilia vijana wa Étoile ya Katuba, timu ya mtaa aliozaliwa kule Lubumbashi. Hakuwafuatilia kwa macho. Aliwafuatilia kwa sikio, kwa sauti ya Sudi, fundi cherehani, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Kila Jumamosi asubuhi Sudi alibeba kiti chake cha plastiki, akakaa kando ya uwanja, na kila lilipotokea jambo alirekodi ujumbe wa sauti na kuutuma Ubelgiji. Mwezi wa tisa saa za Brussels na za Lubumbashi huwa sawasawa, na jambo hilo dogo lilimfurahisha Papa Nday kupita kiasi. Alipokuwa anakunywa chai yake ya saa nne, alijua na kule ni saa nne, na refa ameshapuliza.

Msimu huu ujumbe wa Sudi ulikuwa na moto. Kuna kijana mpya, Hénock, namba kumi na moja, winga wa kushoto.

"Nday, miye nikuambie," Sudi alisema baada ya mechi ya kwanza. "Ule mutoto anavuta soksi ya kushoto, anaangalia chini kama muntu mwenye haya, alafu anapita. Beki anabakia paka palepale tu, anashika kiuno. Donc, unaona minasema nini."

Papa Nday aliona. Aliurudia ujumbe ule mara nne, na mara ya nne alilia, kwa sababu enzi zao aliyekuwa akivuta soksi ya kushoto na kuangalia chini kama mwenye haya ni Doudou, mdogo wake.

Lazima nieleze desturi yao. Pale Étoile, kijana hachezi na jina la baba yake. Baada ya mechi tatu za kwanza wazee wa mashabiki wanakaa, wanampa jina la uwanjani, na mechi ya nne, wakati wa mapumziko, jina linatangazwa kwa kipaza sauti. Likishatangazwa limekwisha; hata mama mzazi atamwita hivyo. Doudou alipewa jina Mukuba, yaani shaba, kwa jinsi mguu wake ulivyong'aa. Homa ilimchukua akiwa na miaka ishirini na mbili, kabla hajacheza hata mechi moja ya wakubwa. Jina lake likalazwa. Halipewi mtu mwingine mpaka ndugu wa mwenye jina aseme ndiyo, na kwa miaka zaidi ya thelathini Papa Nday alikuwa akisema hapana. Waliomba kwa heshima, waliomba kwa hasira, mwaka mmoja walimtumia hadi samaki wakavu. Samaki aliwala. Jina hakulitoa.

Safari hii aliamua kulitoa. Alimpigia Maman Yolande, katibu wa mashabiki, akamwambia sauti yake itafika Jumamosi, siku ya mechi ya nne, kabla ya mapumziko. Ijumaa alirekodi ujumbe mara tisa. Alitaka sauti isitetemeke.

Jumamosi Anaïs alikuja na mikate. Ni muuguzi, ana haraka ya kudumu, lakini siku hiyo aliomba ruhusa kazini.

"Papa, Maman Yolande anafilmer match, live ku Facebook. Unaweza kumuona ule kijana wakati banamupatia jina."

"Mupira wa ku téléphone ni kama kula bukari na macho," alisema Papa Nday, ambaye ugali hakuwahi kuuita jina lingine.

"Alors, leo tutakula na macho."

Akakubali shingo upande. Anaïs akaegemeza simu yake kwenye birika, na vumbi jekundu la Katuba likajaa juu ya meza. Papa Nday hakutegemea vumbi lile. Kuna ukuta wa shule, kuna mlingoti wa bendera, kuna wanawake wale wale wanaouza maji, ingawa bila shaka ni mabinti zao. Kwa muda hakuangalia mpira hata kidogo. Alikuwa anatafuta mahali alipokuwa akisimama yeye, kona ya kulia, na viatu vya Doudou mkononi.

"Njo ule," Anaïs alisema, akimwonyesha kwa kidole namba kumi na moja. "Onze."

Hénock alikuwa kijana mrefu mwenye magoti makubwa. Mpira ulimjia, akautuliza kwa mguu wa kulia, ukamponyoka, ukatoka nje. Mara ya pili akaukimbilia na beki akamnyang'anya bila shida. Soksi hakuivuta. Papa Nday alijiambia kwamba kijana ana woga, siku ya kupewa jina si mchezo.

Dakika ya ishirini simu yake mwenyewe ililia. Ujumbe wa Sudi. Akaufungua.

"Nday! Amepita babili! Amevuta soksi, ameangalia chini, premier, deuxième, bote chini. Bantu banasimama. Unasikia bale bantu?"

Kelele za watu zilisikika kweli. Kwenye simu ya Anaïs, Hénock alikuwa amekaa nje ya mstari, anafunga kamba ya kiatu. Watu walikuwa wamesimama wakimzomea refa.

Baba na binti walitazamana.

"Ni connexion, Papa. Picha inachelewa."

Wakasubiri. Dakika tatu, dakika tano, dakika nane. Hakuna aliyepitwa. Hakuna beki aliyeanguka. Namba kumi na moja alirudi uwanjani akapiga krosi moja iliyoishia juu ya ukuta wa shule.

Papa Nday akampigia Sudi. Alikasirika, tena sana, kama anavyokasirika mtu aliyelizwa kwa jambo la uongo.

"Sudi. Ule mutoto anapiga na mguu gani?"

"Ya kushoto. Minakuambiaka."

"Minamuangalia hapa. Yolande anafilmer. Anapiga na ya kulia, na haipigi muzuri."

Zikasikika filimbi na mtoto anayelia mbali.

"Depuis Pâques, tangu Pasaka, sioni mupira," Sudi alisema mwishowe. "Macho iliisha, Nday. Naona paka rangi tu: manjano inapita, kijani inapita. Nasikia bantu banasema onze, onze, miye naelewa ni winga. Ya kubakia naongezea."

"Unaongezea Doudou."

"Njo ule mwenye naona bado. Bengine bote bameenda. Yeye naona muzuri, na vumbi ku magoti."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kama haiko match, unanipigiaka?"

Papa Nday alihesabu miaka, akatafuta simu moja, moja tu, aliyompigia Sudi kumuuliza habari za cherehani, za mke, za macho. Hakuipata. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na ile hasira ikakosa pa kukaa.

Simu ya Anaïs ikaonyesha Maman Yolande akigeuza kamera usoni kwake. Zimebaki dakika nne kufika mapumziko, alisema, na wazee wanasubiri sauti kutoka Bruxelles. Nyuma yake Hénock alikuwa ameshajua. Alikuwa anachomekea jezi yake vizuri, kama kijana anayejiandaa kwenda mbele ya kanisa.

Kumpa lingekuwa jambo rahisi. Ujumbe upo, sauti haitetemeki, na hakuna mtu pale uwanjani ambaye angebisha. Lakini Papa Nday aliyatazama magoti yale makubwa akamwonea huruma. Kila wikendi wazee wangemngojea avute soksi, na kila wikendi wangerudi nyumbani wakimlaumu kwa kutokuwa maiti wa mtu mwingine. Akaufuta ujumbe wa Ijumaa, akarekodi mwingine, na huu ulitetemeka mwanzo hadi mwisho.

"Jina ya mudogo yangu inabakia na mwenyewe. Musimupatie ule mutoto. Mumuangalie kwanza yeye, mechi zingine tatu, mumupatie yake."

Jina halikutangazwa. Hénock alisimama katikati ya uwanja kidogo, akaangalia huku na huku, kisha akaenda kunywa maji na wenzake. Papa Nday aliumia kumwona. Kipindi cha pili kilipoanza akampigia tena Sudi, akamwambia aweke simu sikioni na asiitoe.

"Keti vizuri. Leo ni miye nakuonyesha."

"Miye niko ku uwanja, weye uko Bruxelles," Sudi alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alicheka.

Basi akamwonyesha. Kipa anapiga mbele. Namba nne, mfupi, kichwa kikubwa, anaruka kuliko wote. Mama mmoja ameangusha ndoo ya maji. Refa ana tumbo. Anaïs alisahau mkate mkononi. Hakuwahi kumsikia baba yake akiongea namna hiyo, taratibu, bila kusifia.

"Na onze?" Sudi aliuliza.

Papa Nday aliangalia. Angeweza kumdanganya, na labda Sudi alikuwa anamwomba hivyo.

"Amepoteza tena. Lakini anarudi, Sudi. Anakimbia nyuma, paka nyuma kabisa, kusaidia mabeki. Ameuchukua. Ameuchukua mupira."

"Anarudi?"

"Anarudi."

Sudi alisikika akisogeza kiti chake.

"Doudou hakurudiaka," alisema.

Hilo lilikuwa halijasemwa na mtu yeyote tangu mazishi. Papa Nday alimwona mdogo wake, mikono kiunoni, amesimama mbele peke yake, anawaachia wenzake kazi na kungojea mpira uletwe. Alikuwa mvivu. Alikuwa mvivu kabisa, Mungu amrehemu, na walimgombeza kwa hilo kila jioni.

"Hata siku moja," akajibu, huku machozi yakimtoka, naye anacheka. "Hata siku moja, Sudi."