Sauti ya Rod Kelton

Texas ya Bosi Tufo, mtayarishaji wa sinema za kauboi, ilikuwa machimbo ya kokoto ya Magliana, nje kidogo ya Roma, mahali unapofika kwa basi. Farasi walikuwa sita, na kila mmoja alipitishwa mbele ya kamera mara tano ili wawe thelathini. Majambazi walikuwa tisa, wakafa ishirini na saba. Na pale jambazi wa kwanza anapoporomoka kutoka juu ya paa, ukikodoa macho pembeni utaona nguo za watu zimeanikwa kwenye kamba, na suruali mojawapo ni ya askari wa barabarani. Ersilio Mastrangeli aliiona suruali hiyo siku ya kwanza tu, akacheka hadi akapaliwa na moshi wa sigara yake.

"Takataka hii wameipa jina gani?" aliuliza.

"Risasi ya Mwisho ni ya Mwalimu," alijibu Ines, fundi mitambo, kutoka nyuma ya kioo.

"Mwalimu wa nini? Wa chekechea?"

Walikuwa kwenye ukumbi wa kutia sauti, chumba cha giza chenye skrini, maikrofoni na meza ndogo ya kuwekea karatasi za maneno. Sinema za Bosi Tufo zilipigwa bila sauti, kwa sababu sauti ni gharama. Waigizaji walichezesha midomo tu, kila mtu kwa lugha yake, na wasiojua maneno walihesabu moja hadi kumi. Kisha filamu ililetwa hapa ikiwa imekatwa vipande vifupi, kila kipande kimeungwa kichwa na mkia kikazunguka kama pete, na watu kama Ersilio wakasimama gizani kuwapa mabubu wale maneno. Kazi hiyo Ersilio alikuwa ameifanya miaka thelathini na minane. Jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye sinema hata moja, kwani watu wa kazi yake hawakuandikwa.

Lakini sauti yake ilijulikana na kila mtu Roma. Ilikuwa sauti ya Rod Kelton.

Na Rod Kelton ni nani? Ni Nando Pirozzi, aliyekuwa mlinzi wa waogeleaji kwenye ufuo wa Ostia. Kijana ana mabega, ana macho ya kijivu, halafu basi. Bosi Tufo alimwokota huko miaka saba iliyopita, akampachika jina la Kimarekani, kisha akamleta kwa Ersilio kama mtu anayepeleka saa mbovu kwa fundi. Ersilio alimfundisha kusimama, kutembea, kushika bastola bila kuonekana ameshika samaki. Juu ya yote alimfundisha kufumba mdomo.

"Usiupanue huo mdomo," alimwambia. "Nong'ona kwa meno. Mimi nitasema."

Alifanya hivyo kujirahisishia kazi, maana mdomo uliofumbwa unapokea maneno yoyote. Magazeti yakaja kuandika kurasa nzima kuhusu ukimya wa Kelton, midomo ya Kelton, siri ya Kelton. Ersilio aliyasoma chooni.

Filamu kumi na moja. Na kila Jumatatu sokoni Testaccio, mama muuza mboga, Bi Assunta, akimsikia Ersilio akiagiza biringanya, huweka mikono kiunoni.

"Hee, babu, unaongea kama Rod Kelton! Hebu sema lile neno lake."

Ersilio hushusha sauti hadi kifuani na kusema, "Toa mkono hapo." Wanawake wote hupiga vigelegele. Yeye huondoka na biringanya zake, rohoni akiwadharau kwa furaha. Mimi naongea kama Kelton! Wajinga hawa, Kelton ndiye anayeongea kama mimi. Furaha hiyo ndiyo iliyokuwa nyumba yake na mke wake tangu mke wa kweli afariki, na hakuwahi kumwambia mtu.

Sasa Bosi Tufo alimfuata mgahawani, akamwagizia kahawa. Mtu huyo ni mkono birika, kwa hiyo Ersilio alijua kuna msiba.

"Safari hii utamtilia sauti yule mzee," Tufo alisema. "Yule mpiga bastola anayemfundisha kijana."

"Na Kelton?"

"Nando atajisemea mwenyewe. Ameling'ang'ania jambo hilo mpaka limeingia kwenye mkataba."

"Nando hana sauti. Ana filimbi ya kuwaita watoto watoke majini."

"Ndiyo maana nakuomba umfundishe. Siku nne tu. Watu wakimpenda, basi, Kelton ni wake moja kwa moja. Wakimcheka, nitakuja kwako kwa magoti, mzee wangu, na hutaachana na Kelton mpaka ufe."

Ersilio aliinywa kahawa yote kabla hajajibu. Kisha akakubali, tena kwa upole, hata Tufo akamtazama mara mbili.

Hadithi ya sinema yenyewe hata farasi wale sita walikuwa wameielewa. Kijana anamkuta baba yake ameuawa. Mpiga bastola mzee anamwokota, anamfundisha kazi. Kijana anawamaliza majambazi mmoja mmoja, kisha anagundua kwamba aliyemuua baba ni mwalimu mwenyewe. Wanasimama uso kwa uso machimboni, na mwanafunzi anamuua mwalimu. Ersilio aliitazama mara moja, akatikisa kichwa. Machimboni sawa, alijiambia. Hapa ukumbini tutaona nani anamuua nani.

Nando alikuja asubuhi ya kwanza na mkebe wa dagaa waliojazwa makombo ya mkate, kazi ya mama yake.

"Mwalimu, mama anakusalimu. Amesema uwale wakiwa wa moto."

"Weka hapo."

"Nilijua utanikasirikia." Kijana alikuwa amesimama mlangoni kama mtu aliyevunja kioo. "Lakini mama akinitazama sinemani, anasema, huyu si Nando wangu. Anafumba macho, ananitafuta, hanipati. Filamu kumi na moja, Mwalimu. Nimechoka kubeba sauti ya mtu mwingine."

Kubeba! Ersilio alihisi damu imempanda kichwani. Anaiita mzigo. Sauti iliyomnunulia gari jekundu na nyumba ya mama yake, leo imekuwa mzigo mgongoni. Chuki aliyokuwa nayo mpaka hapo ilikuwa ya kawaida tu. Kuanzia hapo ikawa na kazi ya kufanya.

"Nimekuelewa, mwanangu," alisema. "Watu wanataka ukweli. Basi tuwape ukweli."

Akaanza kumvika kilemba cha ukoka. Kila alichokijua kuhusu sauti alikigeuza kinyume. Usivute pumzi ndefu. Usiteremshe sauti kifuani, iache puani inapokaa. Usingoje kabla ya neno zito, lipite kama neno jingine lolote. Lafudhi ya Ostia usiifiche hata kidogo. Sema kama unavyomwambia mama yako kwamba umechelewa chakula.

Pete ya kwanza ikazunguka kwenye skrini. Kelton, vumbi mpaka kwenye nyusi, anaingia baa na kutamka neno moja.

"Maji," alisema Nando kwenye maikrofoni.

Ilikuwa sauti nyembamba, kavu, ya kijana aliyekunywa upepo wa pwani tangu utotoni. Ersilio aliuma mdomo asicheke.

"Safi sana," alisema. "Hivyohivyo. Usibadilishe kitu."

Siku ya tatu, Nando alipokwenda kununua sigara, Ines alitoka nyuma ya kioo. Alikuwa amemjua Ersilio miaka ishirini.

"Unamfundisha au unamchimbia kaburi?"

"Kaburi alilichimba mwenyewe. Mimi namshikia koleo."

"Anakuamini, Ersilio."

"Hata kuku anamwamini anayempa mtama."

Ines alirudi kwenye mitambo yake.

Siku ya nne ilikuwa ya mzee mpiga bastola. Tufo alikuwa amemchukua Righetto, dereva wa tramu mstaafu mwenye ndevu nzuri, na Righetto, kwa kuwa hakuweza kukariri hata mstari mmoja, alitaja vituo vya njia yake ya zamani. Ukiisoma midomo yake, anampa kijana wasia wa bastola akiwa anatoka kituo kikuu cha Roma, anakiri kumuua baba yake akiwa kwenye studio za Cinecittà, na anakata roho akiwa amefika Frascati, mwisho wa njia. Ersilio aliuweka juu ya vituo hivyo ufundi wake wote. Alivuta pumzi hadi tumboni. Aliyashusha maneno mahali ambapo hata nzi angetulia. Alipokufa, alikufa kwa namna ambayo Nando, aliyekuwa amekaa gizani nyuma yake, alifuta macho.

"Mwalimu," alisema, "mimi sitafika huko maisha yangu yote."

"Hapana," Ersilio alimjibu, "hutafika." Mkebe wa dagaa ulikuwa mezani bado, hajaugusa.

Sinema ilipofika Testaccio, Ersilio alichagua onyesho la Jumapili alasiri, kwa sababu hiyo ndiyo mahakama. Huko hakuna wastaarabu wa kupiga makofi kwa adabu. Huko wanakaa wachinjaji, wafua nguo na wauza samaki, mbegu za maboga mikononi, na kisichowapendeza wanakirushia maganda. Alivaa suti yake nyeusi kana kwamba anakwenda maziko, na alikuwa anakwenda maziko. Aliketi katikati, pembeni yake mwanamke mnene aliyenukia ngisi.

Kelton akaingia baa. "Maji," akasema.

Ukumbi ulishtuka. Kisha mtu mmoja mbele akapaza sauti: "Kelton ana mafua!"

Kicheko kikalipuka, na Ersilio akahisi kimempasha mwili mzima joto. Ndiyo. Cheka, Roma, cheka. Alianza hata kuwaza ni kahawa ya wapi atakayomtaka Tufo amnunulie wakati amepiga magoti.

"Si mafua," mwingine alisema. "Sikiliza vizuri. Jamaa anaongea kama sisi."

"Kama shemeji yangu wa Ostia!"

"Na wewe nyamaza basi, tumsikie."

Wakanyamaza. Ersilio alingoja kicheko kirudi. Kijana kwenye skrini alipiga magoti mbele ya kaburi la baba yake, kokoto za Magliana zikiwa zimerundikwa juu yake, akasema kwa ile sauti yake ya puani, bila kungoja, bila kifua, kama mtu aliyechelewa chakula: "Baba, nimechelewa."

Mwanamke wa ngisi aliacha kutafuna mbegu. Mistari miwili nyuma mwanaume alipenga kamasi kwa kelele. Hakuna aliyecheka. Ersilio aligeuka kushoto, akageuka kulia, akitafuta uso mmoja tu wenye dharau, na uso pekee wa namna hiyo ulikuwa wake.

Hapo mpiga bastola mzee akatokea juu ya kilima. Righetto alifungua mdomo, na sauti kubwa, nzito, iliyopikwa miaka thelathini na minane, ikamwagika ukumbini.

"Kijana. Toa mkono hapo."

"Mama yangu!" mchinjaji mmoja alipiga kelele. "Huyu mzee anamwiga Kelton!"

Safari hii kicheko hakikuwa kidogo. Kilitoka sakafuni hadi kwenye dari.

"Kamwibia sauti mtoto wa watu!"

"Ndiyo maana Kelton kabaki na kile kisauti kidogo!"

"Mzee, rudisha! Rudisha sauti ya watu!"

Maganda ya mbegu yakaanza kuruka. Kila Righetto alipofungua mdomo, watu walianguka kwenye viti. Pumzi ya tumboni, mahali pa kungoja, neno zito lililoshushwa polepole, vyote vilipokelewa kwa miluzi. Na alipokiri kwamba yeye ndiye aliyemuua baba, ukumbi wote ulisimama.

"Kaua baba na sauti kaiba! Mpige, Nando, mpige!" Jina la kweli la kijana lilikuwa limeshavuja magazetini, na wakaanza kuliimba, Nando, Nando, kana kwamba wamezaliwa naye nyumba moja.

Ersilio alijikuta amesimama. Hakukusudia. Sauti ilitoka kamili, kubwa kuliko ile ya spika.

"Ni yangu! Wapumbavu nyinyi, sauti hiyo ni yangu! Miaka saba ni mimi niliyekuwa nikisema!"

Nyuso mia mbili zikamgeukia.

"Sikia huyu!" mtu alisema kwa furaha. "Mwingine tena!"

Walipiga makofi, walipiga miluzi, wengine wakamtaka arudie. Mwanamke wa ngisi alimvuta mkia wa koti, akamketisha taratibu, akamwekea mkononi konzi ya mbegu za maboga.

"Kaa, babu," alisema. "Usiwajali. Unamwiga vizuri kweli. Kuliko hata yule wa kwenye sinema."

Juu ya skrini kijana alifyatua risasi. Righetto alianguka kwenye kokoto, midomo ikafika Frascati, na watu wakashangilia kwamba sasa haki imetendeka.

Jumatatu asubuhi Bi Assunta alimwona Ersilio akija kati ya meza za mboga, akaweka mikono kiunoni kama kawaida yake.

"Babu Kelton! Leo unataka nini?"

Ersilio alinyoosha kidole kwenye biringanya.

"Ngapi?"

Alimwonyesha vidole viwili.

"Hebu kwanza lile neno letu," Bi Assunta alisema, na wanawake wa meza za jirani wakasogea kusikiliza.

Ersilio aliweka pesa mezani, akachukua biringanya zake na kwenda zake.