Gamba la Bosi

Kwaru, kwaru. Kucha za Bosi zilikwaruza ndoo chini ya kitanda, alfajiri, bado giza. Halafu kimya.

Bosi alikuwa kaa. Mbaruku, jirani yetu anayeuza samaki soko la Feri, alimpa binti yangu Brightness baada ya kaa huyo kumbana kidole mbele ya wateja. Alisema yeye hawezi kufanya kazi na bosi wa namna hiyo. Kila jioni akawa anatuletea kidumu cha maji ya bahari, na Brightness, miaka sita, akaweka kipande cha tofali ndani ya ndoo, kaa apate pa kujificha.

Siku ya tatu sasa Bosi alikuwa hali kitu. Mtoto alinisihi nisimwache afe. Nikamwahidi.

Nilipoamka kuchemsha uji nilimulika kwa simu. Katulia, maji yamechafuka. Nikamgusa kwa mwiko, wala hakutikisika. Nikaona heri mtoto asimkute hivyo. Nikabeba ndoo nikamwaga yote mtaroni, na tofali lake, nikarudi na uongo wangu tayari: Bosi karudi baharini.

Kulipokucha, Brightness aliingia na kitu alichokikuta kimenasa kwenye nondo za mtaro. Gamba, na kucha zake zote. Jepesi kama karatasi. Limefunguka kwa nyuma, ndani tupu, hata nyama ya kuonjesha inzi hamna.

Nikakaa chini. Wiki mbili tu nyuma, kwenye masomo ya jioni, Mwalimu Kasmir alitufundisha kaitini: jamii ya wanga, lakini wa kujengea mwili, ndugu wa ule unaosimamisha bua la mhindi. Gamba la kaitini halitanuki. Kaa akitaka kuongezeka ukubwa hulivua, akatoka laini kama yai bichi, akajificha mpaka jipya likomae. Niliyakariri hayo huku nikikata mchicha. Kwenye jaribio nikapata zote.

Na kabla ya kumwaga, tofali sikuliinua nione chini yake.

Tulikimbia mtaroni. Maji meusi yalikuwa yanapita tu. Pale pale nikamweleza mtoto yote, hata ule uongo wa bahari, na kwa nini gamba lilikuwa tupu. Akaniuliza kama Bosi alikuwa mgonjwa. Nikasema hapana.

Aliligeuza gamba mkononi, polepole, asilivunje.

"Alikuwa anakua tu, mama."