Mashahidi wa Regina

Uliona, ukabadilisha chaneli. Usijitetee. Kipindi kilirushwa saa moja jioni, wakati wa chakula, na wewe ulikuwa na tonge mkononi. Ukamwona mwanamke mzee wa Kikurya amekaa mlangoni pa kibanda, anaongea, ukasema, "Haya mambo ya huko Mara nayo," ukatafuta mpira. Pengine ulicheka kwanza, ndipo ukatafuta mpira. Yote ni mamoja. Mama yule anaitwa Regina, anaishi Nkende, pembezoni mwa mji wa Tarime, na wakati wewe unahangaika na rimoti, yeye alikuwa anakutegemea.

Wanaomfahamu Regina wanajua kwamba hajawahi kusikiliza habari akakaa kimya. Nyumbani kwake hana TV. Anavuka njia kwenda saluni kwa Scholastica, ambako TV imewekwa juu ya kabati la mafuta ya nywele. Yeye mwenyewe hana hata unywele wa kusuka, alishanyoa kipara zamani. Anakwenda kugombana na TV tu, na Scholastica anamwekea kiti, kwa sababu wateja wakimsikia hawaondoki.

Kiongozi fulani akionekana anakata utepe wa mradi wa maji, Regina anasema, "Huyo tena? Tepe alizokata huyo zingetosha kufungia ng'ombe wa kata nzima. Maji yenyewe je?" Daktari akishauri watu wanywe glasi nane za maji safi kwa siku, anauliza, "Safi kutoka kwa nani?" Kukiwa na tamthilia, mwanamke mwenye kucha ndefu analia kwenye kochi jeupe, Regina anamkazia macho mpaka mwisho, halafu anatoa hukumu: "Ana bomba jikoni, bomba chooni, bomba bustanini. Huyu analilia nini? Mpeni jembe."

Hata vitabu havisalimiki. Siku moja Christina, mtoto wa nyumba yake, alirudi na kitabu cha shule chenye somo la familia. Kulikuwa na picha: baba mwenye tai, mama mwenye pochi, watoto wawili, mbwa mnene. Christina akauliza, "Bibi, sisi tuko ukurasa gani?"

"Sisi hatuko humo," Regina akamjibu. "Aliyechora karatasi ilimwishia. Akaona bora amalizie na mbwa."

Hapo ndipo penyewe. Familia ya Regina haikuchorwa, na usipoielewa hutaelewa uovu uliofuata. Regina aliolewa na Heche, wakaishi vizuri, Mungu hakuwapa mtoto. Heche akafa. Kwa Wakurya nyumba ya namna hiyo haiachwi ikafa na mwenyewe. Mjane anaweza kuoa. Anatoa ng'ombe wa nyumba yake, anamleta msichana, na watoto watakaozaliwa, baba wa damu awe nani, wanakuwa wa nyumba ile, kwa jina la marehemu. Inaitwa nyumba ntobu. Regina akatoa ng'ombe, akamuoa Sarah kutoka Ringwani, upande wa Serengeti. Sarah akazaa Wiliam, akazaa Christina, wote wakaitwa wa Heche. Aliyewaswaga ng'ombe wale mpaka Ringwani alikuwa Nchagwa, mdogo wake Heche. Likumbuke jina hilo, maana mwenyewe amejisahau.

Basi wakaja watu wa TV. Mtangazaji alikuwa kijana amevaa gambuti mpya wakati wa kiangazi. Aliiona nyumba ya Regina, matofali na bati, akakunja uso.

"Mama, hakuna nyumba ya asili?"

"Hii asili yake ni mimi. Nilifyatua matofali mwenyewe."

"Namaanisha ya zamani, mama. Ya nyasi."

Nyasi zilikuwapo kwa jirani, mzee Zablon, kwenye banda la mbuzi. Mbuzi wakatolewa ili Regina akae mlangoni. Akahojiwa asubuhi nzima. Akaeleza habari za Heche, za ng'ombe, za nyama iliyoliwa na ukoo mzima, akamtaja kila aliyekula na kipande alichokula. Kijana anatikisa kichwa, anasema, "Safi sana, mama, safi sana."

Kipindi kilipotoka, saluni ilijaa. Zikaanza ngoma ambazo si za Kikurya wala za mtu yeyote. Sauti nzito ikasema: "Ndani ya kibanda hiki, kikongwe huyu anaishi na mke wake." Katika maneno yote ya asubuhi ile, Regina aliachiwa matatu tu: "Nilimuoa mimi mwenyewe." Halafu akatokea mtaalamu mwenye tai, nyuma yake vitabu ambavyo migongo yake haijawahi kuvunjwa, akasema ndoa ya aina hii haitambuliki kisheria. Ngoma tena. Tangazo la sabuni.

Wateja walimgeukia Regina. Kwa mara ya kwanza alichelewa kujibu.

"Hilo banda," alisema mwishoni, "linanuka mpaka kwenye TV."

Wakacheka. Yeye hakucheka. Akajifunga kanga, akavuka njia.

Kesho yake asubuhi Nchagwa akaingia uani, nyuma yake mwanaye Sylvester ameshika simu kama mtu aliyebeba sadaka.

"Shikamoo, shemeji."

"Ukija na shikamoo tamu hivyo najua kuna kitu unataka kuondoka nacho. Marahaba. Kaa."

Nchagwa hakukaa. "Sylvester, mura wangu, washa."

Sylvester akawasha. Mtaalamu akasema tena pale uani, mbele ya kuku: haitambuliki.

"Umesikia, shemeji?"

"Nimesikia. Huyo mwenye tai anakutambua wewe?"

"Tuache utani. Mji umekua, eneo la kaka sasa liko mjini, wapimaji wa viwanja wanakuja. Sarah ni mgeni wako, hatumfukuzi. Lakini watoto wake ni wa kwao Ringwani. Ardhi ya kaka inarudi kwa ndugu."

"Nchagwa. Nani aliwaswaga ng'ombe mpaka Ringwani?"

Nchagwa akaanza kukagua bati.

"Nakuuliza wewe. Nani alirudi kutoka huko amelewa, anaimba njia nzima kwamba jiko la kaka yake limewaka moto tena?"

"Hayo ni ya zamani."

"Na maini uliyoyala yalikuwa ya zamani?"

Sarah alikuwa jikoni anasonga ugali. Akatoka na mwiko mkononi. Ni mwanamke mpole, lakini siku hiyo upole aliuacha kwenye sufuria.

"Baba mdogo," akasema, "Wiliam anaitwa Heche kanisani, anaitwa Heche shuleni. Wewe mwenyewe ulimbeba siku ya ubatizo. Leo aitwe nani? Aitwe TV?"

"Mimi sibishani na wanawake," Nchagwa akasema.

"Unabishana na simu?" Regina akamwuliza. "Basi iache hapa tuimalize nayo, wewe nenda kachunge."

Sylvester alitaka kucheka, baba yake akamwangalia. Wakaondoka. Mlangoni Nchagwa akatupa neno lake: ataitisha kikao cha ukoo.

Walipobaki wawili, Sarah akauliza. "Mama, wale watu ulikubali wa nini? Tulikuwa tunaishi."

Regina alikaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu. "Nilitaka mashahidi."

Hili, wewe uliyesoma, ulisikie vizuri. Ndoa ya Mkurya inashikwa na watu. Aliyeona ng'ombe wakipita ni shahidi, aliyekula nyama ni shahidi, na wakiwa wengi, hakuna wa kukana. Regina alikuwa amekaa akahesabu mashahidi wake na kuona wanaisha. Huyu amezikwa, yule anaongea na ukuta, mwingine kahamia Kenya huko ng'ambo ya Sirari hata salamu haleti. Kisha inakuja kamera, kijana anamwambia, "Mama, Tanzania nzima itakuona." Yeye akalichukua neno hilo kwa uzito wake wote. Tanzania nzima ikiona, nani atathubutu kusema haikuwa?

"Lakini mama, hao hawakula nyama yetu."

"Saa moja jioni, Sarah? Kila mtu alikuwa anakula."

Ndivyo alivyokuamini. Ndiyo hiyo hesabu aliyokosea, na ni wewe uliyeikoseza.

Kikao kilikaa uani kwa Zablon, viti vya plastiki, kibuyu cha obosara, ule uji mchachu wa ulezi, kinazunguka. Wazee waliokula nyama ya harusi ya Sarah walikuwapo watano au sita, wengine wakiwa bado na meno yaleyale. Sylvester akapitisha simu mkono kwa mkono. Kila mzee aliitazama, akaikodolea macho, akaipokeza jirani yake. Nchagwa akasimama akasema maneno mazuri kuhusu umoja wa ukoo. Wakwapuaji wa ardhi wote tuliowahi kuwaona, tangu tukiwa watoto, walianza na umoja.

Kisha Regina akawauliza mmoja mmoja, kwa jina. Ulikula? Mzee akakohoa. Na wewe, si ulipewa nundu? Mzee akasema miaka ni mingi. Na wewe Zablon, mwenye uwanja, uliyetoa banda la mbuzi wako, ng'ombe si walilala kwako kabla ya safari?

Zablon alikuna goti. "Mama, dunia imebadilika. TV imesema."

Watu waliokuwapo pale wanasema Regina alicheka kicheko kirefu mpaka kibuyu kikasimama mkononi mwa aliyekishika.

"TV imesema!" akasema. "TV iliwaambia acheni kukeketa mabinti. Mkasema TV haijui mila zetu. TV iliwaambia msiwapige wake zenu. Mkasema hiyo ni ya watu wa mjini, zima. TV iliwaambia muache kuoza watoto wa shule. Hapo hata umeme mlikuwa hamna. Leo imesema shamba la mjane ni la bure, wote mmekuwa wanafunzi wazuri! Mmekaa mstari wa mbele! Wazee wangu, hamtazami TV nyinyi. Mnaivizia, mpaka iseme mnachotaka kula."

Mwanamke mmoja nyuma ya ua akapiga kigelegele, akanyamazishwa.

Kikao kikafanya kinachofanywa na waoga popote: kikaahirisha. Kitakaa tena Jumamosi. Ila, wakasema, kwa sasa Nchagwa aweke vigingi, kwa muda tu, ili wapimaji wakija wajue pa kuanzia. Kwa muda tu! Uliza mtu yeyote katika nchi hii ni kigingi gani cha muda kilichowahi kung'oka chenyewe.

Vijana wa Nchagwa wakavichomeka kuanzia migombani hadi nyuma ya jiko. Kimoja kilisimama katikati ya kaburi la Heche na mlango wa nyumba yake, mume huku, mke kule. Wakaenda zao kunywa. Regina akachukua jembe, akaving'oa vyote, akavipasua, Sarah akavipikia maharage. Nchagwa alipokuja kuangalia, moshi ulikuwa unapanda vizuri.

"Vigingi viko wapi?"

"Havitambuliki," Regina akamwambia. "Karibu chakula."

Saluni ilicheka siku mbili. Na hapa ndipo wengi mnapotaka hadithi iishie: bibi jasiri, maharage, kicheko, tulale. Hapana. Asubuhi ya tatu Nchagwa alirudi na vigingi vya chuma na vijana wengi zaidi, na safari hii Sylvester alikuwa anapiga picha, ili Regina akigusa kimoja awe mharibifu wa mali. Sarah ameanza kufunga nguo za watoto kwenye mifuko ya salfeti, anafungua, anafunga tena. Christina ameambiwa na watoto wenzake kwamba yeye ni mtoto wa banda la mbuzi. Na Regina, ambaye hakuna taarifa ya habari iliyowahi kumnyamazisha, ameacha kwenda kwa Scholastica. Anakaa kwenye kigoda chake baina ya kaburi na mlango, na jembe mapajani, na kila anayepita njiani anamwuliza swali moja tu: "Wewe uliniona kwenye TV?"

Wanasema ndiyo. Wanaongeza mwendo.

Uliniona? Ndiyo. Basi njoo Jumamosi useme umeniona. Ah, mama, Jumamosi nina msiba, nina harusi, nina mnada.

Jumamosi ni keshokutwa. Kikao kitaanza asubuhi, kabla ya jua kali, uani kwa Zablon. Usiniambie wewe si wa ukoo ule. Kwenye ndoa zetu mgeni aliyekula hajawahi kuulizwa ukoo, anaulizwa kama aliona. Uliona. Tonge lilikuwa mkononi. Usiniambie Nkende ni mbali. Kama ni mbali, toka hapo ulipo uangalie nyumba ya tatu kutoka kwako: kuna mjane anazungushiwa vigingi na shemeji mwenye simu, na wewe ulikula kwenye harusi yake ukaomba na mchuzi. Mtaje aliyekula. Mtaje aliyeswaga ng'ombe. Sema kwa sauti, mbele yao, na wazee wakikohoa, sema tena.

Zima TV. Vaa viatu. Nenda sasa, ugali utaukuta.