Unene wa Mshipa

Mshipa wa baba ulikuwa mezani, katikati ya vikombe vya chai, ukizunguka polepole kwenye kioo cha kompyuta. Juu na chini ulikuwa wa samawati. Katikati, pale ulipovimba, palikuwa na baka jekundu kama kaa la moto. Baba alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Baka halikuondoka.

"Hapo ndipo patakapopasuka?" aliuliza.

Mdogo wangu wa kike aliivuta kompyuta karibu yake. Baba alimwita Bingwa tangu alipoanza shule. Mimi nilimwita hivyo kwa kejeli kwanza, kisha kwa mazoea. Alikuwa akimalizia shahada ya uzamivu. Kazi yake ilikuwa kuhesabu kwa kompyuta jinsi damu inavyopita kwenye mishipa iliyovimba, na kama mshipa utahimili, wakati mambo mengi kuhusu mshipa wenyewe hayajulikani. Kwa miaka alituelezea kazi hiyo, nasi tuliitikia kwa kichwa huku tukila. Kisha hospitali ikagundua kwamba mshipa mkuu tumboni mwa baba umevimba, na ghafla sote tukataka kuelewa.

Madaktari walisema uvimbe ungeweza kukaa kimya hadi baba afe kwa uzee wake, au ungepasuka siku yoyote, na ukipasuka hakuna kuwahi. Upasuaji nao ulikuwa na hatari, maana mapafu ya baba yalikuwa yamechoka. Uvimbe haukuwa mdogo wa kupuuzwa wala mkubwa wa kukimbiliwa. Wakatuachia tuamue wenyewe. Nilimwambia Bingwa afanye kazi aliyosomea. Alikataa, akasema mtu hampimi baba yake kwa kifaa ambacho bado anakijaribu. Nikamuuliza basi kinamfaa baba wa nani. Nilimsukuma hadi akaenda kuomba picha za skani.

"Baba, hilo jekundu si kitu," alisema sasa. "Nimesahau kuweka kipimo cha rangi. Kompyuta ukiiachia, inapaka nyekundu mahali panaposukumwa na damu kuliko pengine pote kwenye picha, hata kama msukumo wenyewe ni mdogo. Hata mshipa wangu ungeonyesha jekundu."

Akabonyeza. Baka likafifia, likawa manjano, kisha likawa kijani cha jani changa.

Baba akaangua kicheko chake kilichochanganyika na kikohozi. "Kumbe dawa unayo, mama. Hebu bonyeza tena, nirudi ujana."

Tulicheka. Lakini tangu siku ile baba hakuiamini picha yoyote. Alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, na mteja akichagua kitambaa alimtoa nacho nje juani, kwa sababu taa ya dukani hudanganya. Sasa alikuwa ameiona taa ya dukani kwenye mshipa wake mwenyewe.

Bingwa aliendelea kueleza, na safari hii nilisikiliza. Skani inaonyesha umbo la mshipa, lakini unene wa ukuta wake hauonekani sawasawa. Kwa hiyo alijaribu kila unene unaowezekana, tangu mwembamba hadi mnene, na shinikizo la damu la chini hadi la juu, na kompyuta za chuo zikakoroma kutwa kucha. Alichopata hakikuwa jibu. Kilikuwa majibu mengi yaliyotawanyika. Katika mengi, mshipa ulihimili. Katika machache, haukuhimili. Nilimuuliza machache ni mangapi. Akanipa namba, kisha akaniambia hata hiyo namba nisiishike sana.

"Mimi nachomelea vyuma," nilimwambia. "Mtu akiniletea geti namwambia litashika au halitashika. Simpi majibu yaliyotawanyika."

"Na lisiposhika?"

"Anarudi kunitukana."

"Baba hatarudi, kaka."

Baba alikuwa akitusikiliza, akisugua pindo la kitambaa cha meza kati ya kidole gumba na cha shahada, kama alivyozoea. "Yaani hamjui kama ni hariri au turubai," alisema. "Hamjakishika." Akamalizia chai yake.

Tukaanza kusubiri. Tulimgeuza baba kuwa yai. Nikamnyang'anya ndoo, nikamkataza kubeba hata majora yake ya kitambaa, nikawa napita kwake kila nikitoka kazini kumtazama tu. Akikohoa, nyumba nzima ilinyamaza. Akishika kiuno, tulisimama. Alianza kujificha ili akohoe. Cherehani ikakaa kimya, na yeye akakaa dirishani akiwaangalia wapita njia kama mtu aliyefungiwa.

Jumapili moja Bingwa alikuja na kompyuta begani. Baba akamwambia aiache mlangoni.

"Tumbo hili lingekuwa lako, ungefanyaje?"

Bingwa aliangalia mikono yake. Nilijua anatafuta namna ya kumpa majibu yote kwa pamoja, na nilijua baba hatayapokea.

"Ningekatwa," alisema.

"Kwa sababu ya hesabu?"

"Hapana. Hesabu zinasema kusubiri ni afadhali, ingawa kwa tofauti ndogo tu. Ningekatwa kwa sababu nisingeweza kuishi nikilisikiliza tumbo langu."

Baba akaitikia kwa kichwa polepole, kama abiria aliyetajiwa kituo anachoshukia. Kesho yake alitia sahihi.

Daktari wa upasuaji alimweleza kwamba sehemu iliyovimba itafunguliwa, na ndani yake patashonewa bomba la kitambaa maalumu. Baba alifurahi kuliko nilivyomwona kwa miezi. Alitaka kujua kitambaa hicho kinafumwaje, uzi ni wa aina gani, na mshono unafungwa vipi ili usifumuke. Daktari alimjibu kila swali. Waliongea kama mafundi wawili, mimi na Bingwa tumesimama ukutani.

Mshono ulishika. Damu ilipita kama ilivyotakiwa. Mapafu ndiyo yaliyokataa. Baba alilala kwenye mashine ya kupumulia, hakufumbua macho, na baada ya siku chache mashine ikazimwa.

Msibani hakuna aliyemlaumu Bingwa. Mimi nilikaa upande wa pili tu, na nilipogawa chai niliwaacha wengine wampelekee yake. Alielewa.

Kipande cha ukuta wa mshipa kilikuwa kimehifadhiwa na kupimwa maabara. Baba mwenyewe alikubali kabla ya upasuaji, kwa ajili ya masomo ya binti yake. Msimamizi wa Bingwa chuoni alikisubiri kipimo hicho kwa hamu. Unene wa kweli ukiingizwa kwenye hesabu, majibu yote yaliyotawanyika yangekusanyika na kuwa jibu moja, au karibu sana na moja. Tungejua kama mshipa ulikuwa wa kupasuka, au kama baba angekuwa dukani kwake akibishana na wateja. Msimamizi alisema hiyo ndiyo sura itakayobeba tasnifu nzima. Bingwa hakwenda kuuliza. Mwezi ukapita, na mwingine.

Mwishowe nilimfuata chuoni. Chumba chake kilikuwa kidogo, hakina dirisha, feni za kompyuta zikivuma. Kwenye kioo palikuwa na mshipa ule ule, ukizunguka. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anaendesha hesabu. Zile zile: ukuta mwembamba, mnene kidogo, mnene zaidi, tena tangu mwanzo, kana kwamba baba bado yuko dirishani anasubiri tumjibu.

"Tukachukue kipimo," nilimwambia. "Mtu anaambiwa, analia, anamaliza."

"Ukuta ukiwa mnene?"

"Tutajua."

"Nitajua mimi, kaka. Wewe utakuwa umeambiwa tu."

Lakini alichukua mkoba wake.

Daktari wa upasuaji alitupokea vizuri. Alitupa pole upya, akamsifu baba kwa maswali yake, akasema hadi leo akifunga mshono humkumbuka. Kisha akaweka viganja mezani.

"Kipimo ninacho. Mnakitaka?"

Bingwa aliuweka mkoba wake magotini. Mimi niliyedai neno moja, niliyemsema mdogo wangu kwa kumung'unya maneno, niliinuka na kusema naenda kutafuta maji.

Kwenye ukumbi palinuka dawa ya kusafishia sakafu. Nikakaa kwenye benchi. Nililijaribu kila jibu kichwani, kama yeye anavyojaribu mishipa yake. Ukuta ukiwa mnene, nilijua nitakavyofanya: nitamchukia, polepole, huku nikimsalimia kila sikukuu. Hilo halikunitisha. Ukuta ukiwa mwembamba ndipo nilipokwama. Ukiwa mwembamba, alimpa baba nafasi pekee aliyokuwa nayo, na mimi nilimnyima chai bure. Hapo ningebaki na kifo cha baba peke yake, bila mtu wa kumkalia upande wa pili.

Mlango ukafunguka. Nilitafuta usoni mwake, sikuona kitu. Uso ulikuwa umenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Akakaa kando yangu.

"Umepata maji?"

"Sikuyatafuta."

Shati nililovaa lilishonwa na baba. Bingwa alishika pindo lake, akaanza kulisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, macho yake yakiangalia mbele.

"Nikuambie?" aliuliza.

Niliangalia vile vidole, na kitambaa kilivyokaa katikati yake.

"Tukae kwanza," nilimwambia. "Tukae kidogo."

Tukakaa. Pindo hakuliachia.