Dakika Arobaini Chumba cha Giza

Saa mbili kamili asubuhi Mama Pacha aliingia chumba cha giza cha hospitali, akafunga komeo, akazamisha filamu ya kwanza kwenye beseni la dawa. Kazi ya kusafisha picha za eksirei alikuwa ameianza wiki hiyo hiyo. Taa nyekundu ilikuwa imeungua, feni ya kutoa mvuke haikuzunguka, kwa hiyo alifanya kazi kwa kupapasa, pua kaifunga kwa leso.

Shemeji yake, mpima macho wa jengo la pili, alikuwa amemtoa wasiwasi. "Ndani ya jicho kuna chembe za mchana na chembe za giza, shemeji. Za mchana huzoea upesi, zikaishia hapo. Za giza ni goigoi, ila zipe dakika arobaini, hakuna kitakachozipita."

Dakika ya kumi aliona kingo za mabeseni. Ya ishirini, vidole vyake. Ya arobaini alimwona Mzee Picha ameketi pembeni, koti jeupe kalifunga vifungo vyote. Mzee Picha ndiye aliyefanya kazi humo miaka kumi na tisa kabla yake, na alizikwa mwezi uliopita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo umeichelewesha, itoe."

Aliitoa. Picha ilikuwa safi.

Wakafanya kazi pamoja siku tatu. Mzee hakuwa msemaji. Mara moja tu alitaja barua kumi na moja alizoandika kuhusu ile feni, na jibu alilopewa kila mara: wakaguzi wamefika, hawakuona tatizo lolote.

Siku ya nne mzee alifungua koti. Macho ya Mama Pacha yalikuwa yamezoea mno, yakapita ngozi na mbavu hadi kwenye mapafu, yaliyojaa mabaka meupe kama chokaa iliyomwagika. Ndipo akainamisha kichwa, akatazama kifua chake mwenyewe. Baka la kwanza lilikuwa na ukubwa wa kifungo cha shati.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa hospitali.

"Wakaguzi wangu hawakuona kitu," alisema mkuu.

"Walikaa muda gani?"

"Dakika tano hivi."

"Zinatakiwa arobaini, mkuu."

Mkuu hakuwa mtu wa kiburi. Aliahirisha kikao, akaja, akakalia ndoo iliyopinduliwa, akangoja bila kulalamika. Dakika ya arobaini akavaa miwani yake.

"Kumbe upo, mzee."

"Nipo."

Alilitazama pafu la mzee, kisha la Mama Pacha, kwa makini, kama daktari. Mama Pacha alishusha pumzi. Leo mtu ameona.

"Wewe mzee, humu unaona vizuri?" mkuu aliuliza.

"Kama mchana."

"Afadhali. Tuna upungufu wa watu." Akatoa kalamu, akaandika zamu palepale gizani: asubuhi Mama Pacha, mchana Mzee Picha.

"Na feni, mkuu?"

"Feni ya nini tena, na mwenzako hapumui?"

Mama Pacha alishika ukingo wa meza.

"Mimi napumua," alisema.

Mkuu alikuwa ameshafungua mlango. Jua liliingia lote kwa mkupuo, mzee akapotea machoni. Mkuu alijikinga uso kwa kiganja, akapepesa mara mbili tatu, na kabla hajafika kwenye ngazi macho yake yalikuwa yamekwisha kuzoea.

Mama Pacha alirudisha komeo, akasimama pale pale. Hakugusa filamu. Alihitaji kumuuliza mtu, na mtu wa kumuuliza alikuwa mmoja. Akasubiri dakika kumi, ishirini, arobaini.

"Mzee, nilimsikia sawasawa?"

"Sawasawa kabisa," alisema Mzee Picha, akamsogezea beseni.