Siku Watu Hawakurusha Mito

Nimemsuka Oginohama nywele miaka kumi na sita, tangu alipokuwa anadeki vyoo vya kambi hadi akawa bingwa mkuu wa sumo, mieleka ya Kijapani. Siku ya nne ya mashindano ya Mei goti lake lilikuwa limevimba kama boga, na alishapoteza mapambano matatu mfululizo.

"Jitoe," nikamwambia. "Sema unaumwa."

"Nilisema Januari. Nikasema na Machi." Hakugeuka. "Wenzangu wakishindwa wanashushwa daraja, wanapanda tena. Bingwa mkuu hashushwi, kaka. Anashinda au anastaafu. Kaza fundo."

Nikakaza, huku nikimlaani kimoyomoyo kwa ukaidi wake.

Bingwa mkuu akiangushwa, ukumbi mzima hupigwa na butwaa, na watu hurusha mito waliyokalia. Wamekatazwa, lakini hurusha tu. Siku ya kwanza ya mashindano hayo, alipoangushwa, mmoja ulinipiga sikioni.

Siku hiyo ya nne mpinzani alimsukuma Oginohama mara moja, naye akadondoka nje ya duara kama gunia. Nikainama, nikakinga kichwa.

Hakuna mto uliorushwa. Watu walikuwa wanatafuta viatu vyao waende nyumbani.

Oginohama alibaki pale chini, macho juu, akiingojea mito.